Nepeta Haifi kwa Kiu, Hufa kwa Maji Mengi

Msomaji mmoja anayeishi Aurora, hapa Colorado, ameniandikia kwa masikitiko kwamba nepeta, mmea wa maua ya bustani uitwao catmint kwa Kiingereza, aliyoipanda mwaka jana imekufa, ingawa aliimwagilia kila jioni na kuiwekea samadi kama alivyozoea kumwona mama yake akifanya kwenye mboga. Nimeusoma ujumbe huo kwa uchungu, kwa kuwa mapenzi hayo hayo ndiyo yaliyoiua.

Nepeta ni ya jamii moja na mnanaa, mrehani na kivumbasi cha kwetu: shina lake lina pembe nne, na jani lake ukilifikicha hunukia. Lakini mnanaa hupenda unyevu, ilhali nepeta hustawi kwenye udongo mkavu usiotuamisha maji wala kuwa na rutuba nyingi. Majani yake ya kijivu yana vinyweleo vinavyopunguza upotevu wa maji, na mizizi yake ikikaa kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa, hasa wakati wa baridi, huoza. Samadi nayo huyakuza mashina upesi yakawa marefu na laini, kisha yakaanguka pembeni na kuuacha mmea wazi katikati.

Nilianza kuipanda nilipoamua kuziondoa nyasi zote za mbele ya nyumba yetu Denver. Mji huu hupata chini ya milimita 400 za mvua na theluji iliyoyeyuka kwa mwaka, na nyasi za uani haziwezi kubaki kijani kiangazi chote bila kumwagiliwa. Sikutarajia kwamba uamuzi huo ungeniletea maneno. Jirani mmoja alisema nimeugeuza uwanja kuwa jangwa, na chama cha wamiliki wa nyumba cha mtaa wetu kikaniandikia barua ya kunitaka nirudishe nyasi. Barua ile iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu tunaishi katika mji ambao shirika lake la maji lilikuwa likihimiza bustani zisizohitaji maji mengi tangu mwaka 1981. Nashukuru kwamba mwaka 2023 jimbo la Colorado lilipitisha sheria inayowalinda wenye nyumba wanaochagua bustani za namna hii.

Leo watu husimama njiani kuitazama nepeta yangu. Kuanzia mwishoni mwa Mei maua ya zambarau hufunika safu nzima, na kuanzia asubuhi mpaka jua linapokaribia kuzama husikika mvumo wa nyuki: wale wa asali, wale wakubwa wenye manyoya, na wengine wadogo mno ambao zamani sikujua kwamba ni nyuki. Colorado ina zaidi ya spishi 900 za nyuki wa asili. Anayeng'ang'ania kuwa na zulia la nyasi mbele ya nyumba yake huwanyima viumbe hao chakula, na ni haki aambiwe hivyo. Hata hivyo nepeta peke yake haitoshi, kwani asili ya mimea iliyoizaa si Marekani. Changanya nayo mimea ya hapa kama penstemoni na gailadia, ili nyuki waliozoea maua ya nchi yao nao wapate riziki.

Aina ninayoipendekeza ni Walker's Low, ambayo Perennial Plant Association, chama cha wataalamu wa mimea ya bustani inayoishi miaka mingi, iliichagua kuwa mmea wa mwaka 2007. Hufikia kimo cha sentimita 60 hadi 75 na kutanuka zaidi ya hapo, kwa hiyo ipe nafasi. Haizai mbegu zinazoota, na hilo ni jambo jema, kwa kuwa haitavamia bustani kama ile nepeta inayopendwa na paka. Ukitaka kuiongeza, gawanya kichaka kilichokomaa pamoja na mizizi yake majira ya kuchipua, au chukua vipandikizi. Sungura na kulungu kwa kawaida huikwepa kwa sababu ya harufu yake.

Maua ya kwanza yakififia, ikate hadi nusu ya kimo bila huruma, nayo itachipua na kuchanua tena kabla ya baridi. Wengi huogopa kukata, wakabaki na kichaka kilicholala chini, nasisitiza, ikate. Majira ya vuli, kinyume chake, iache kama ilivyo, kwa kuwa mashina makavu huikinga mizizi dhidi ya baridi, na uyaondoe chipukizi zinapotokeza.

Na wewe ndugu yangu wa Aurora, usikate tamaa. Panda nyingine mwezi Mei mahali penye jua la kutwa, palipoinuka kidogo ili maji yasituame. Mwaka wa kwanza imwagilie kwa kina mara moja kwa juma, uache udongo ukauke kabla ya kurudia, wala usiiwekee samadi. Mwaka wa pili imwagilie tu pale ukame unapozidi na majani yakaanza kunyauka.