Je, kubadilisha XHTML kuwa HTML5 kutaipa tovuti kasi?

SWALI: Nina nyumba ya wageni hapa Jinja. Tovuti yetu iliandikwa mwaka 2009 kwa XHTML (aina ya zamani ya HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti), na wageni wanalalamika kwamba kwenye simu inachelewa kufunguka na maandishi ni madogo mno. Fundi anasema dawa ni kuiandika yote upya kwa HTML5, toleo jipya la lugha hiyo, ndipo itakuwa nyepesi na kuonekana sawa kwenye brauza zote. Bei yake ni kubwa. Nimlipe?

JIBU: Kwa sababu aliyoitoa fundi, dada, usimlipe. Nimeifungua anwani uliyonitumia nikatazama msimbo wake. Ukurasa wa kwanza unajitangaza kuwa XHTML 1.0 Transitional, lakini seva yako (kompyuta inayohifadhi tovuti) inautuma kama HTML ya kawaida, na brauza hufuata inachoambiwa na seva. Kwa hiyo Chrome, Firefox na Safari tayari zinausoma kwa kanuni zilezile za HTML5. Kubadilisha jina la lugha hakutapunguza hata sekunde moja.

Uzito uko kwingine. Maandishi na lebo zote za ukurasa huo ni kama kilobaiti 30. Simu inayopata megabiti 2 kwa sekunde inazishusha kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Sasa itazame ile picha ya mto Nile iliyo juu: imewekwa kama ilivyotoka kwenye kamera, megabaiti 5, upana wa pikseli 4000, wakati kwenye simu inaonekana kwa upana wa kiganja. Kwa mtandao uleule, picha hiyo peke yake inachukua sekunde 20, na ni bando la mgeni linaloliwa. Ipunguzwe hadi pikseli 800. Picha ya JPEG ya upana huo kwa kawaida haizidi kilobaiti 200. Picha za vyumba zilizo chini ziongezewe loading="lazy", ili zishuke pale tu mgeni anapozikaribia. Hilo linafanya kazi hata ukurasa ukibaki na tangazo lake la zamani.

Halafu kuna skripti nne (programu ndogo, kama ile ya kuzungusha picha) kwenye kichwa cha ukurasa. Kila brauza inapozikuta, huacha kusoma ukurasa mpaka faili lishuke na kutekelezwa. Zikiongezewa neno defer, brauza haisimami tena. Baada ya hapo fundi ahakikishe picha zinazojizungusha bado zinazunguka.

Kuhusu kuonekana sawa, fundi ana hoja, ila ameishika vibaya. Ukurasa wako wa bei hauna DOCTYPE yoyote, yaani mstari wa juu unaoitangazia brauza aina ya HTML iliyotumika. Brauza ikikosa mstari huo huigiza tabia za brauza za miaka ya 1990, na mojawapo ni kwamba jedwali halirithi ukubwa wa herufi wa ukurasa. Ndiyo maana bei zako zina herufi zisizolingana na maelezo yaliyo juu yake. Aweke <!DOCTYPE html> mstari wa kwanza, basi. Akiuweka pia kwenye ukurasa wa kwanza, awe macho: nembo yako imekatwa vipande ndani ya jedwali, na chini ya kila kipande patatokea ufa mwembamba. Akizipa picha hizo display: block, ufa unaondoka.

Maandishi madogo yanatokana na kukosekana kwa lebo ya viewport, inayoiambia simu ipange ukurasa kwa upana wa kioo chake. Bila hiyo, simu hudhani ina kioo cha pikseli 980 kwa upana, kisha huubana ukurasa wote. Lakini kuiongeza peke yake hakutoshi, kwa sababu ukurasa wako umefungwa kwenye jedwali la pikseli 960 na mgeni atalazimika kuuvuta kushoto na kulia. Kuling'oa jedwali hilo na kupanga upya kwa CSS (lugha ya mpangilio na mwonekano wa ukurasa) ni kazi halali, na inastahili malipo. Mwombe bei ya kazi hiyo tu.

Mwambie pia aijaribu tovuti kwenye brauza ya Opera Mini. Hali yake ya kubana data hupitisha kurasa kwenye seva za kampuni yenyewe, na skripti nyingi hazifanyi kazi humo. Fomu yako ya kuweka chumba hutumwa kwa skripti. Aibadilishe ijitume kwa kitufe cha kawaida cha HTML, kwani mgeni asiyeweza kuituma ataenda kulala kwingine.