Mrija wa Baba Yako

Mwanangu,

Sauti uliyonitumia Jumapili nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilisikia bodaboda tu. Mara ya pili nikasikia kilo 104 na neno presha. Mara ya tatu mjukuu akaongeza sauti, ndipo nikalipata swali lenyewe: "Mama, ili hiki kitambi kiishe, bia niiache kabisa au nipunguze tu?" Nakujibu kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huwa unaniambia "sawa Mama" kabla sijamaliza. Mtoto atazipiga picha karatasi hizi akutumie. Ukiona alama ya mafuta, ujue alikuwa anakaanga mandazi.

Umeniuliza mimi kwa vile niliuza malwa, hii pombe yetu ya ulezi ya kunywa kwa mrija chunguni, miaka kumi na tisa. Haya.

Hesabu za daktari wako sizipingi. Tangu dada yako awe nesi hatuli bila hesabu mezani: gramu moja ya kilevi ina kalori 7, ya sukari 4, ya mafuta 9. Chupa ya bia ya nusu lita, ile ya asilimia 5, inafika kalori 200 na kidogo. Umesema unakunywa nne kila jioni. Nakujua, nne zako ni tano, lakini tuchukue nne. Hizo ni kalori 800, yaani kama mtu aliyesongewa posho, yaani ugali, ya unga unaokaribia robo kilo, akaimaliza yote, kisha akajifuta mdomo akasema sasa niende nyumbani nikale. Na wewe huko hukai na chupa kavu. Kuna nyama ya mchomo, kuna chipsi, kuna rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, ya njiani ukingoja boda. Halafu dada yako anasema ini likiona pombe linaacha kazi nyingine lishughulike nayo kwanza, mafuta yako yanabaki kwenye foleni. Nimeelewa. Ndiyo maana zile asubuhi mbili za kukimbia uwanjani Namboole hazikukuondolea kitu ila kucha ya kidole gumba.

Lakini hayo ungemwuliza yeye. Mimi ninachokijua ni saa kumi na mbili.

Umeshanisikia nikisema na utanisikia tena: pombe ina saa yake. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye kile kigoda nikimimina maji ya moto kwenye chungu, na uani kwangu saa tisa alasiri walikuwepo kuku tu. Jua likianza kushuka nyuma ya Mwamba, lile jiwe kubwa la Tororo, wanaingia mmoja mmoja, kila mtu na mrija wake kwapani. Hawakuwa na kiu. Kazi ilikuwa imeisha, chakula hakijaiva, watoto wanapiga kelele, na mtu hajui akae wapi. Unamkumbuka yule mwalimu wa kwaya? Jumanne na Alhamisi alikuwa na mazoezi ya kuimba, na siku hizo sikumwona wala hakuniambia alikosa kitu. Shule zikifungwa na kwaya ikafungwa, alikuwa anatoka kwangu amejikunja kama mwavuli. Mtu yuleyule, malwa ileile.

Au wakati wa korona. Baa zilipofungwa Machi 2020 nilimshukuru Mungu kwa ajili yako, nikasema sasa mwanangu atapona. Hazikufunguliwa mpaka Januari 2022. Rais Museveni mwenyewe alijionyesha kwenye video akipiga pushapu ofisini bila viatu, nawe ukamwiga siku mbili ukaniletea picha. Krismasi ile ukaja huku, shati halifungi. Ulinywea wapi, kama baa zilikuwa na kufuli? Sebuleni kwako, saa kumi na mbili ileile.

Ndivyo ilivyokuwa kwa baba yako pia. Treni za abiria ziliposimama mwaka 1997, wenzetu kwenye kota za relwe walilia mishahara. Mimi niliona kingine: zamu yake ya jioni ilikufa. Miaka yote saa hiyo alikuwa stesheni na taa yake mkononi. Sasa saa hiyo alikuwa uani kwangu, na chungu ni changu, na hakuna wa kumdai hela.

Mkanda unaukumbuka, maana wewe ndiye uliyekuwa ukiutoboa. Walipomwambia ana sukari, mwaka 1999, hakutangaza kwamba ameacha pombe. Alivaa zile raba zake za kijivu akasema, "Naenda na kijana," mkashika njia mpaka chini ya Mwamba na kurudi. Kesho tena. Wateja wanakuja, wanauliza mwenye mji yuko wapi, nasema anatembea, wanacheka. Mlikuwa mnarudi giza limeshaingia, mmechoka kama ng'ombe wa kulimia, anakula kalo yake, ugali wa ulezi, na mchicha, analala. Saa ya pombe ilikuwa imempita akiwa njiani, hakugundua hata kidogo. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 za kutembea kwa wiki. Nyinyi mlikuwa mnazipita na hakuna aliyewaambia.

Mwezi wa tatu akakuita uje na msumari na jiwe. Tundu la kwanza. Kufika Desemba yalikuwa manne, na ncha ya mkanda inaning'inia kama ulimi wa mbwa. Siku ya tundu la nne alinishika akanizungusha jikoni, mwiko ukiwa mkononi mwangu, mchuzi wa karanga unaruka mpaka ukutani. Wewe ulikuwa mlangoni na lile jiwe lako. Sijawahi kuolewa vizuri kama jioni ile.

Sasa nikuambie usichokijua, maana ulikuwa umetumwa kwenda kuazima viti.

Wakwe wa shangazi yako walikuja Desemba ileile kuzungumza mahari. Wageni kumi na wanne, na malwa nilipika mimi, kimea nilikiotesha mwenyewe, nilijua ndiyo bora niliyowahi kupika. Baba yako akakaa pembeni na kikombe cha chai. Mzee mmoja wa upande wao akaangalia chungu, akaangalia chai, akasema, si kwa sauti kubwa, "Mwenye nyumba hanywi cha mke wake. Amejua nini humo?" Unajua kwetu neno hilo lina maana gani. Pombe huonjwa kwanza na mwenyeji, mgeni aone kwamba haina kitu. Na mimi ndiyo riziki yangu, ndiyo ada yenu. Neno hilo likitoka uani kwangu likafika sokoni, nimekwisha.

Nikapanda kigoda, nikautoa mrija wake darini ulikokuwa umeingia vumbi, nikausuuza, nikamletea. Kwa mkono wangu. Nikasema, "Baba watoto, mmoja tu, usiniaibishe." Alinitazama. Hakukasirika, ningependa angekasirika. Akauchukua, akavuta, wageni wakacheka, ng'ombe wakaongezeka wawili.

Kesho yake akasema mguu unauma. Keshokutwa mvua. Wewe ulikaa kizingitini na viatu miguuni mpaka giza, nakuona mpaka leo. Kufika Pasaka mkanda ulikuwa umerudi tundu la zamani. Mengine unayajua.

Nimejitetea miaka mingi. Mrija mmoja haumwui mtu. Alikuwa mtu mzima, na mikono anayo, angeweza kuonja akatema, angeweza kuvaa raba zake kesho yake kama jana. Labda angerudi kwenye chungu hata bila mimi, kwenye msiba fulani, kwenye ubatizo fulani. Ni kweli yote. Halafu usiku najibu mwenyewe: kwa nini basi sikumpa mgeni yeyote mrija aonje kwa niaba yake? Kaka yangu alikuwepo. Ningeonja hata mimi mwenyewe! Sikulifikiria hilo mpaka miaka sita baadaye, nikiwa napepeta ulezi.

Kwa hiyo ukiniuliza niache au nipunguze, mimi naona nani anayekaa karibu na kiti chako. Wale wa ofisini wanaosema "moja tu, usiwe mchungaji" ni watu wema. Nami nilikuwa mwema.

Jambo moja lichukulie kwa uzito, hapa sitanii. Nilikuambia wanakuja jioni. Wa asubuhi walikuwepo wawili, wanasubiri mlango ufunguliwe, mikono inatetemeka hawawezi kushika kikombe. Mmoja aliapa Jumatano ya Majivu kuacha palepale. Siku ya tatu akaanguka kifafa njiani, na hakuwahi kuwa na kifafa. Dada yako anasema mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa ghafla unaweza kufanya hivyo, na hata kuua. Kama asubuhi mikono yako inatetemeka, au unatoka jasho mpaka upate kidogo, usiache peke yako chumbani kwako kwa ushujaa. Nenda kwa daktari kwanza umwambie ukweli, usimtajie nne. Hospitali ya Butabika ina wodi ya watu wa pombe, na hakuna atakayekucheka ila mjinga. Kama hutetemeki, basi shukuru, tuendelee.

Ushauri wangu mdogo: hiyo saa ipe kazi. Shuka kwenye taksi Banda, utembee mpaka Kireka kwa miguu, ufike nyumbani umechoka na njaa ya kweli, ukute chakula tayari. Unacheka. Lakini tangu hii boda ianze kwa baiskeli za hapa mpakani kwetu, Busia, mmeacha kutembea hata kwenda kununua chumvi. Mboga iwe nusu ya sahani, matooke ipungue, usile usiku wa manane. Hayo unayajua, unayasoma kwenye simu.

Hukumu yenyewe sitoi. Nimejiapiza tangu ukurasa wa kwanza. Dada yako ananisomea kwamba mwaka 2023 Shirika la Afya lilisema hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya, hata kidogo, na ananitazama akisoma. Nimwambie nini? Sare yako ya sekondari ilitoka kwenye chungu. Nikikuambia acha, ninakipiga teke chungu kilichokulea. Nikikuambia punguza, ninakuletea mrija mwingine kwa mkono uleule. Baba yako alipunguza bila kusema neno akapona, na akaonja mara moja akarudi palepale, kwa hiyo unaona, ukinibana sana... Hapana. Wewe ni mtu mzima.

Krismasi wajomba zako watakuja, na chungu kitakuwepo, kaka yangu ndiye anayepika siku hizi, vibaya. Mrija wa baba yako bado uko darini, umefungwa kwenye gazeti. Nilifikiri nikupe, wewe ndiye mkubwa. Nimeamua nitaushika mimi siku hiyo, na mzee yeyote akiuliza kwa nini mwenye nyumba anakunywa chai, nitaonja mimi mbele yao.

Wewe ukija, niletee raba. Si za bei, za kutembelea tu, mpaka chini ya Mwamba na kurudi. Namba yangu ni 39, ila mguu wa kulia umevimba kidogo siku hizi, kwa hiyo chukua 40.

Mama yako