Jua linazama mtoni, Pangani

Mmeuliza jioni gani ya safarini msomaji angeirudia hata kesho. Kwangu mimi ni ya Pangani, mji wa pwani mkoani Tanga, pale kivukoni upande wa mjini, kwenye kelele za bodaboda na harufu ya samaki.

Yani watu hawaliwazi hili, pwani yetu imetazama mashariki, jua tunaliona likitoka baharini asubuhi ila jioni linazamia huko bara nyuma ya minazi na mabati ya watu, ukikaa beach unakuwa umeligeuzia mgongo. Pangani mto unatokea magharibi, kwa hiyo ukigeuka ukatazama juu ya mto unalipata jua linashuka na maji yanawaka yote, huku Bweni ng'ambo na kile kilima chake kishaanza kuwa cheusi. Sijui kwa nini mabango ya utalii hayasemi.

Nilikuwa na wifi yangu, tumetoka Tanga mjini na hiace, asubuhi tulikuwa tuvuke twende Mkwaja. Tukanunua mihogo ya kukaanga na pweza, tukakaa ukingoni. Mji wenyewe ndio huu Wajerumani walimomnyongea Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga, Desemba 1889, ila vijana wa pale kivukoni stori yao ilikuwa Simba na Yanga tu, na kiukweli hata sisi tulichangia.

Sasa kulikuwa na kifuu cha nazi kinaelea kinaenda zake baharini, mi nakiangalia tu huku natafuna, kikapunguza mwendo, kikasimama, kikajizungusha palepale kama dakika hivi, afu kikaanza kurudi kule mto unakotoka! Wifi akasema we umeona? Tukamwamkia mzee mmoja alikuwa anashona wavu pembeni, shikamoo babu, marahaba wanangu, tukamuuliza. Akacheka. Maji yanajaa hayo, akasema, na haya bado madogo, njooni siku za bamvua mwezi ukiandama au ukiwa mpevu muone bahari inavyousukuma mto. Siku hizo maji huku kwetu yanapanda zaidi ya mita 3 kutoka kupwa mpaka kujaa, kwa hiyo si mchezo.

Akaendelea kwamba chumvi siku hizi inapanda juu sana kuliko zamani, mpaka mashambani. Na hapo ndo nikaelewa, maana mto huu unaanzia Kilimanjaro na Meru, ukishuka unakutana na bwawa la Nyumba ya Mungu, kuna mashamba ya kumwagilia njia nzima, kila mtu anachota chake, mpaka ufike Pangani umeshachoka na bahari haina huruma na aliyechoka. Mwenye mnazi huku chini anaumia kwa maji yaliyokunywewa huko juu na watu wasiomjua. Mzee hakulalamika sana lakini, alikuwa anawahi kumaliza wavu kabla giza halijaingia, akatuuliza tu kama ile mihogo tumeuziwa bei gani, tulipomtajia akasema tumepigwa.

Wifi mpaka leo anabisha, kwake yeye bora tungelala Ushongo, kule beach. Hoja yake ni mbu, na hapo simpingi, ikishafika magharibi wanatoka mikokoni kwa fujo, vaa suruali ndefu.