Kibarua wa Mkandarasi Mdogo Analindwa na Nani?

SWALI: Mimi ni mkandarasi wa majengo. Chama chetu cha waajiri kinaandaa maoni kuhusu mapendekezo ya kurekebisha sheria ya kazi, yatakayombebesha mkandarasi mkuu wajibu wa usalama wa kila anayefanya kazi katika eneo la ujenzi, hata vibarua walioletwa na wakandarasi wadogo. Wenzangu wanataka tukipinge kifungu hicho chote. Je, nitie saini?

JIBU: Ndugu msomaji, wajibu huo si mgeni. Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1988 mahususi kwa ajili ya ujenzi, unaeleza kwamba waajiri wawili au zaidi wanapofanya kazi kwa wakati mmoja katika eneo moja, mkandarasi mkuu, au mwingine mwenye mamlaka halisi juu ya eneo hilo, ndiye wa kuratibu hatua za usalama na kuhakikisha zinafuatwa, huku kila mwajiri akibaki na jukumu lake kwa watu wake. Aliyewahi kusimamia ujenzi anaijua sababu. Fundi umeme hupanda jukwaa lililofungwa na watu wa mkandarasi mwingine, kando ya shimo lililochimbwa na wa tatu. Asipokuwapo mmoja mwenye uwezo wa kusimamisha kazi, kila mtu hudhani mwenzake ameshakagua.

Hofu ya gharama naiheshimu. Mara nyingi zabuni humwendea mwenye bei ya chini, na anayeingiza mikanda ya usalama katika hesabu zake hushindwa na asiyeiingiza. Lakini hiyo ni sababu ya kutaka sheria imbane kila mshindani, na gharama za usalama zitengwe kwenye zabuni zisishindaniwe. Kumtwisha kibarua gharama hizo si njia: Mkataba namba 155 wa mwaka 1981, ambao tangu Juni 2022 umo katika mikataba ya msingi ya shirika hilo, unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote.

Nguvu zenu zielekezeni kwenye maneno ya kifungu. Daini kieleze ni nani anayehesabika kuwa na mamlaka juu ya eneo, nani atalipia siku zinazopotea kazi ikisimamishwa kwa ajili ya hatari, na vipi mkandarasi mkuu aliyekagua, akaonya na kuweka kumbukumbu atatofautishwa na aliyefumba macho. Maoni ya namna hiyo yatieni saini. Waraka wa kukataa kifungu chote, mimi nisingeutia.