Dar hadi Mbeya kwa gari dogo: panga utasimama wapi

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na wengi wanaoniomba ushauri wa safari hiyo huuliza watafika saa ngapi. Mimi huwauliza watasimama wapi. Ninavyoijua barabara hii, kituo huchaguliwa kwa kuangalia kipande kinachofuata. Ukisubiri njaa au usingizi vikuchagulie, umechelewa.

Chalinze ipite tu, labda kama uliondoka bila chai. Simama Morogoro. Jaza mafuta, angalia upepo wa matairi, kunywa supu, na kila mtu aende chooni, hata anayesema hajabanwa. Sababu ni Mikumi. Barabara inakatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50, mwendo una kikomo, na humo hakuna kuingia kichakani kuchimba dawa: tembo na nyati wako palepale. Ukimgonga mnyama utalipa faini, nayo hutegemea ni mnyama gani. Na tafadhali, watoto wasiwarushie nyani ndizi. Wakishazoea hukaa barabarani kusubiri magari, na hapohapo ndipo wanapogongwa.

Kituo ninachokisisitiza kuliko vyote ni Ruaha Mbuyuni. Kuna joto, kuna vumbi, na mtu hutamani kuendelea hadi Iringa kwenye ubaridi. Usiendelee. Mbele yako kuna Kitonga: kona kali, upande mmoja mwamba na mwingine korongo, na malori yaliyosheheni mizigo ya Zambia na Kongo yakipanda taratibu. Dereva mchovu akikaa nyuma ya lori la namna hiyo hukosa subira, na kule watu hufa kwa kuovateki kwenye kona. Kwa hiyo zima gari, nyoosha miguu, kula. Agiza kinachokaangwa mbele ya macho yako. Kuku aliyelala ndani ya kabati la kioo tangu asubuhi mwache hapohapo. Injini ikipoa, angalia maji ya rejeta. Usifungue mfuniko ukiwa bado wa moto, maji yatakurukia usoni. Gari lenye maji pungufu litachemshia katikati ya mlima, mahali ambapo hata pa kuegesha hakuna.

Ukishapanda, Ilula watakupungia ndoo za nyanya, zitazame tu. Iringa mjini kuko juu ya kilima, barabara kuu inapita chini, Ipogolo. Jua likikukuta hapo, panda mjini ulale. Mbeya bado ni zaidi ya kilomita 300, na usiku lori bovu lisilo na taa huwezi kuliona hadi uwe umelifikia. Kwa wanaoendelea mchana, makoti yasikae kwenye buti, maana Mafinga na Makambako baridi yake haina utani. Makambako ndipo njia ya Njombe na Songea inapochepuka, kwa hiyo chakula hakikosekani.

Wakati wa kurudi mambo hugeuka. Pumzika Ilula, kabla ya kushuka Kitonga. Shuka kwa gia nzito, usiweke frii, na usikalie breki. Zikipata moto hazishiki tena.

Ukifika chini salama, sasa nunua vitunguu pale Ruaha Mbuyuni. Ukivinunua wakati wa kwenda, vitakaa kwenye joto la gari safari nzima na harufu itawachosha abiria. Shika kitunguu, kibonyeze shingoni. Kikiwa kikavu na kigumu kitakaa wiki nyingi. Kikibonyea, kimeshaanza kuoza ndani hata kama ganda linang'aa. Kisha mwombe muuzaji kwa heshima, "Dada, naomba tuimwage hii ndoo," uone vya chini. Wengi watakubali bila neno. Akikataa, mshukuru uende meza inayofuata.