Alaimenti kwanza, tairi baadaye
Ndugu uliyeuliza kwa nini pikapu yako inakula tairi za mbele upande wa ndani na kulia "kwi kwi" tangu uweke spesa (vipande vinavyoongezwa kwenye springi) za kunyanyua pua: si kosa la tairi. Ukipandisha mbele, pembe za magurudumu zinabadilika, kwa hiyo alaimenti (kupima na kurekebisha pembe hizo) ni lazima. Na huo mlio wa "kwi kwi" ukipita tuta, nahisi fundi alikaza bolti za bushi (mipira ya kwenye maungio) za amu (mikono inayoshikilia gurudumu) gari likiwa bado juu ya jeki. Zilegeze, shusha gari likalie magurudumu yake, litikise kidogo, ndipo ukaze. Bushi iliyokazwa ikining'inia hubaki imejikunja, hupasuka mapema. Kupandisha zaidi ya inchi 2 kwa spesa tupu mimi siwezi: draivshafti (mhimili unaozungusha gurudumu la mbele) hukaa kwa pembe kali, mpira unaofunika ungio lake unachanika.