Mnaoanza kuandika aya ya kulinganisha na kulinganua, anzeni na vigezo

Wadogo zangu, kila rundo jipya la insha linakuja na kosa lile lile. Sentensi nne kuhusu sayari ya Zuhura, sentensi nne kuhusu Dunia, kisha "hizo ndizo tofauti zake". Hapo hamjalinganisha kitu. Mmepanga maelezo mawili jirani, kazi ya kulinganisha mkamwachia msomaji. Inasikitisha kwa sababu taarifa zenyewe mara nyingi ni sahihi.

1. Vigezo kwanza, sentensi baadaye. Chora jedwali la safu tatu: kigezo, Zuhura, Dunia. Kipenyo: takriban kilomita 12,100 kwa 12,700. Gesi kuu ya angahewa: kaboni dayoksaidi, kama asilimia 96, upande wa pili nitrojeni, asilimia 78. Joto la uso: karibu nyuzi 465 za Selsiasi kwa wastani wa nyuzi 15. Vigezo vitatu vinatosha aya moja. Ukiweka sita, kila kimoja kitapata nusu sentensi na hakuna kitakachoelezwa.

Kosa linalowapita wengi ni hili: "Zuhura hung'aa sana alfajiri, ilhali Dunia ina bahari." Kiunganishi kipo, koma ipo, na sentensi inasikika kama ulinganuzi halisi. Lakini upande mmoja unazungumzia mwangaza, mwingine maji. Mwandishi mwenyewe haoni tatizo kwa sababu kila nusu, ikisimama peke yake, ni kweli. Dawa yake ni kuuliza pande zote mbili swali moja: je, kuna maji usoni? "Uso wa Zuhura ni mkavu, ilhali takriban asilimia 71 ya uso wa Dunia imefunikwa na maji." Sasa tofauti inaonekana. Swali likikosa jibu upande mmoja, futa kigezo hicho hata kama umekipenda.

2. Sentensi ya mada itaje vitu vyote viwili na iseme vinahusianaje. "Zuhura na Dunia zina mfanano na tofauti" ni sentensi inayofaa vitu vyovyote viwili duniani, kwa hiyo haisemi lolote. Andika: "Ingawa Zuhura na Dunia zinakaribiana kwa ukubwa, angahewa zao zimezipa joto lisilolingana hata kidogo." Hapo msomaji anajua mfanano utapita haraka na uzito uko kwenye angahewa na joto.

3. Chagua muundo mmoja ubaki nao. Kigezo kwa kigezo ndio salama zaidi kwa anayeanza: ukubwa wa zote mbili, angahewa ya zote mbili, joto la zote mbili. Kitu kwa kitu, yaani Zuhura yote kwanza kisha Dunia yote, unafaa aya fupi yenye vigezo viwili, na una sharti lake: nusu ya pili ifuate mpangilio ule ule wa vigezo, na kila sentensi yake imrudishe msomaji nyuma kwa "tofauti na Zuhura" au "kama ilivyo kwa Zuhura". Sharti hilo likisahaulika, mnarudi kwenye maelezo mawili jirani. Wanaohama muundo katikati ya aya, tafadhali, rudini kwenye jedwali.

4. Viunganishi: "vilevile" na "hali kadhalika" kwa mfanano, "ilhali" na "kinyume na" kwa tofauti; "bali" hutanguliwa na ukanushi, na "lakini" mara tano katika aya moja inachosha.

5. Kigezo chenye uzito kikae mwisho, na sentensi ya kufunga itoe sababu badala ya kurudia kwamba tofauti zipo. Kaboni dayoksaidi nzito ya Zuhura hunasa joto, ndiyo maana uso wake una joto kuliko wa Utaridi iliyo karibu zaidi na Jua. Sentensi ya namna hiyo haiwezi kuandikwa na mtu ambaye hakulinganisha.